Baiskeli Zisizo na Keria

Baiskeli za safari za siku hizi hazina keria. Simama pale Tangi Bovu au Africana alfajiri ya Jumamosi, kabla foleni haijaamka, uwaone vijana wanaopita kwa makundi kuelekea Tegeta, Bunju, Mapinga hadi Bagamoyo kujifua: jezi za kubana, miwani ya rangi, migongo imelala, taa nyekundu inamweka chini ya siti. Hakuna madigadi. Hakuna stendi, hakuna dainamo. Wengi wao wana safari ndefu ya hisani mbele yao, Dodoma pengine, au Butiama, na ukiwauliza mzigo uko wapi, watakuonyesha gari.

Kwetu sisi baiskeli bila keria ilikuwa nusu ya baiskeli. Nazungumzia Mbezi Beach ya miaka ya 1980, wakati viwanja vilikuwa vimekwisha kupimwa lakini mikorosho na minazi ilikuwa haijapewa taarifa, wakati ukitoka barabara kuu kwenda ufukweni unapita kwenye nyasi za kiunoni na kwenye misingi ya nyumba iliyoota majani, kwa sababu mwenye nyumba yuko mjini anasubiri kibali cha saruji, na kiwanda cha saruji chenyewe kiko hapo Wazo Hill, mwendo mfupi tu wa baiskeli. Maji yalipanda keria, dumu moja kushoto, moja kulia, la tatu juu. Mkaa ulipanda keria. Mgonjwa wa homa alipanda keria, mikono imeshika kiuno cha anayeendesha, na anayeendesha anahisi joto la paji la uso wake mgongoni mpaka zahanati. Wenye bahati walikuwa na Raleigh iliyorithiwa, yenye kava la mnyororo na kengele inayolia vizuri. Wengi wetu tulikuwa na Swala, iliyotengenezwa hapa hapa nchini na shirika la umma, NABICO, chuma kizito ambacho ukiteremka nacho mlima unamuomba Mungu na ukipanda nacho unamuomba tena. Phoenix ya Mchina tuliitamani kwa mbali.

Baiskeli hizo hizo, Jumatatu hadi Jumamosi zikiwa za maji na mkaa, ndizo tulizozipeleka Morogoro.

Safari yenyewe haikuwa na jina wala bango. Vijana wa mtaa, wengine wa kwaya, wengine wa madrasa, wengine wa timu ya mpira tu, mambo yaliporuhusu tulikusanya vitu vya wazee wa makao ya Fungafunga, pale Morogoro mjini, tukavipeleka wenyewe. Kwa nini Morogoro, na kuna wazee wasiojiweza hapa Dar es Salaam, hadi Nunge kule Kigamboni? Sijui jibu la heshima. Jibu la kweli ni kwamba tulitaka kwenda mbali, na mzigo wa wazee ulitupa ruhusa ya kwenda mbali ambayo wazazi wetu wasingeitoa kwa sababu nyingine yoyote. Karibu kilomita 200 kwa barabara. Kijana aliyeaga kwamba anakwenda kutembea angefungiwa ndani. Aliyeaga kwamba anapeleka sabuni kwa wazee alipewa nauli ya kurudia, iwapo baiskeli itamshinda.

Na hatukuwa wa kwanza kufanya hivyo, ingawa tulijiona wa kwanza. Wazazi wetu walikuwa na matembezi yao. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, vijana walitoka mikoani kwa miguu kuja Dar es Salaam kuliunga mkono, na kijana Seti Benjamin alifia safarini. Mwalimu Nyerere mwenyewe, Oktoba ya mwaka huo huo, alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza. Kwa hiyo mzee wa mtaa alipotuona tunahangaika na pampu alikuwa na la kutuambia: sisi tulikwenda kwa miguu. Hoja ikaishia hapo.

Maandalizi yalianza na kaunta buku. Mmoja mwenye mwandiko mzuri aliandika majina, mwingine mwenye ulimi mzuri alibisha hodi, na tukapita nyumba kwa nyumba, kutoka kwa Wazaramo wenye mashamba ya asili hadi kwa wafanyakazi wa serikali waliohamia juzi na redio zao za mbao. Mtu alitoa nusu kilo ya sukari aliyoipata kwa foleni ya duka la ushirika. Mtu alitoa kipande cha sabuni ya Mbuni, kimekatwa kwa uzi kwenye mche, kingine kabaki nacho. Chumvi, viberiti, kanga iliyofifia lakini nzima, koti la marehemu. Kila kitu kiliandikwa, hata viberiti, maana miaka ile jirani aliyetoa kiberiti alikuwa ametoa. Vitu vilirundikwa sebuleni kwetu, na kwa siku kadhaa nyumba nzima ilinukia sabuni ya kufulia na mafuta ya taa ya chemli, harufu ambayo mpaka leo nikiipata mahali inanifikisha Chalinze.

Mzigo huo ndio uliokuwa mchango. Hakukuwa na fedha iliyotangulia wala lori lililofuata nyuma. Kile ambacho wazee wangekipata ni kile ambacho miguu yetu ingeweza kukisukuma kupandisha vilima vya Kibamba. Kwa hiyo swali la kufungasha lilikuwa moja tu: vya kwangu vipungue kiasi gani ili vya wazee viingie? Ukiweka shati la pili, umetoa sabuni. Ukiweka blanketi, umetoa sukari. Tuliishia na vitu vyetu ndani ya mfuko mdogo wa kaki uliotundikwa kwenye usukani: kaptura, mswaki, kipande cha kitenge cha kujifunika usiku, vidonge vya klorokwini vilivyofungwa kwenye karatasi ya daftari, vichungu na vya kuwasha mwili mzima, na chakula cha siku ya kwanza. Mihogo ya kuchemsha, mayai, kashata za nazi. Siku ya pili hatukuifungashia chochote.

Vifaa vya baiskeli ndivyo vilivyotupa usingizi wa mang'amung'amu. Tyubu mpya ilikuwa habari ya kusimuliwa. Tulizonazo zilikuwa na viraka juu ya viraka, na fundi wa pale barabarani alizipitisha ndani ya beseni la maji moja moja, akisikiliza mapovu, akitia alama kwa msumari, akikwaruza kwa msasa, akipaka solusheni na kuipulizia kwa mdomo. Spoku zilizokatika zilibadilishwa kwa spoku za baiskeli ya mtu ambaye hasafiri, kwa makubaliano kwamba zitarudishwa. Gololi zilioshwa kwa mafuta ya taa na kurudishwa na grisi iliyochotwa kwa kidole kwenye gari la jirani. Mnyororo tuliupaka mafuta ya cherehani. Tyubu iliyokufa haikutupwa: ilikatwa vipande virefu vyembamba vikawa kamba za kufungia mzigo, na hakuna kamba ya katani wala ya nailoni iliyowahi kuzishinda, kwa sababu mpira unavutika ukiruka shimo, kisha unarudi.

Hayo yote yakikamilika, bado kilikosekana kitu kikubwa kuliko vyote. Barua.

Wasomaji wa rika langu hawahitaji kuelezwa. Tangu msako wa wahujumu uchumi wa mwaka 1983, mtu kupita kwenye kizuizi cha barabarani na sukari na sabuni zinazozidi matumizi yake ulikuwa ni mtihani, na kijana wa miaka ishirini mwenye mche mzima wa sabuni kwenye keria alifanana sana na mlanguzi. Hivyo ilibidi kwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akiwa amekaa barazani na fulana yake ya mikono, akasoma kaunta buku lote kwa sauti, akauliza kwa nini fulani kaandika nusu kilo na yeye anajua alipata kilo mbili, kisha akaandika barua. Kutoka hapo hadi ofisi ya tawi kwa muhuri. Wino wa muhuri ulikuwa wa zambarau na kila mara haukutosha, kwa hiyo nusu ya jembe na nusu ya nyundo ndiyo iliyoonekana. Barua ile ilikaa kwenye mfuko wa shati wa kiongozi wa msafara, ndani ya mfuko wa nailoni, karibu na moyo kuliko picha ya msichana yeyote.

Mwaka huu aliyefungasha ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Yeye na wafanyakazi wenzake walikuwa wanakwenda Dodoma kwa baiskeli kuchangia madawati ya shule, na jioni ya mwisho akavitandaza vitu vyake sebuleni kwa mama yake, hapa hapa Mbezi Beach, nyumba ile ile, ila sasa ina ukuta, na ukuta una nyaya za umeme juu, na korosho zimebaki zile za kununua kwenye foleni. Alikuwa na orodha iliyochapwa. Alikuwa na mizani ndogo ya jikoni.

"Mjomba, shika uone. Gramu mia mbili tu."

Lilikuwa koti la mvua. Nililishika. Kweli halikuwa na uzito.

Begi la kwanza, dogo, la kufungwa chini ya siti, lilikuwa limepangwa kama kabati la duka la dawa: tyubu mbili mpya ndani ya maboksi yake, vyuma viwili vya kutolea tairi, kifaa kimoja chenye spana zote, kopo la hewa ya kujazia tairi mara moja tu, glavu za kutochafuka. Begi la pili, kubwa, la kuwekwa kwenye gari, lina namba yake: bukta zenye sponji kwa kila siku ya safari, losheni ya jua, mafuta ya kupaka sehemu zinazochubuka, chumvi na sukari ya kuongeza maji mwilini kwenye pakiti, vitafunwa vya nguvu, betri ya kuchajia simu na betri nyingine ya kuichajia hiyo. Helmeti. Filimbi. Kadi ya bima. Karatasi yenye kundi la damu na namba ya kumpigia mama. Simu yenyewe itakaa kwenye usukani ikichora njia, na Strava itatuambia sisi tuliobaki nyumbani amefika wapi, anakwenda kwa kasi gani, na moyo wake unapigaje. Sisi tulipoondoka, nyumbani walijua tumefika pale tuliporudi.

Sitaki nionekane nacheka. Helmeti ile ningeipigia saluti. Barabara ya Morogoro tuliyoipita sisi ilikuwa na uhaba wa petroli wa kuilinda. Magari yalikuwa machache, Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa kabisa kutembea, na kati ya Mlandizi na Ruvu uliweza kusikia ndege wa porini na mlio wa mnyororo wako mwenyewe kwa muda mrefu kabla Leyland moja haijatokea nyuma ikikoroma. Sasa malori ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda yanafuatana usiku na mchana. Upepo wa tela moja ukikupitia unahisi baiskeli inavutwa. Kwenye barabara hiyo anayesafiri bila kofia, bila taa na bila gari la nyuma lenye vimulimuli simuiti shujaa.

Na fedha. Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu zamani. Msafara wetu mzima, ukiuweka kwenye mizani ya duka, ulipeleka mzigo ambao mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo angeweza kuutoa bila kuinuka kwenye kiti. Sukari ilifika imelowa jasho, sabuni imesagika kingo, koti la marehemu lina grisi. Wazee walishukuru, wakatuombea, na baada ya wiki chache sukari ikawa imekwisha. Leo michango inaanza kuingia kwa simu miezi kabla ya safari. Tangu M-Pesa ilipoanza hapa nchini mwaka 2008, shangazi aliyeko Songea anaweza kutoa elfu kumi yake akiwa jikoni, na jina lake likatokea kwenye kundi la WhatsApp kabla ugali haujaiva. Watu wa Geita, kwa mfano, tangu mwaka 2002 wana Kili Challenge yao, wengine wanapanda Kilimanjaro na wengine wanauzunguka mlima kwa baiskeli, na fedha inakwenda kwenye mapambano ya UKIMWI. Msafara wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam kumuenzi Mwalimu na kufika kijijini kwake kwa ajili ya 14 Oktoba, siku aliyofariki mwaka 1999, unapanda miti na kupeleka madawati njia nzima, zaidi ya kilomita 1,000. Dawati halipandi keria. Hata Swala ingekataa.

Kwa hiyo hesabu ya faida naijua na naikubali. Kinachonisumbua ni kingine, na nilihangaika nacho jioni ile nikiwa nimekaa kwenye mkono wa kochi, nikimwangalia mpwa wangu anafunga zipu.

Sisi tulifungasha kidogo kwa sababu tulitegemea watu. Hatukuweka chakula cha siku ya pili kwa sababu siku ya pili tungekuwa Chalinze, kwa bibi wa mwenzetu mmoja, na bibi angetuona kwa mbali tunavyoyumba akaanza kukimbiza kuku. Hatukubeba maji mengi kwa sababu Kibaha kuna nyumba, Vigwaza kuna nyumba, na kwenye nyumba kuna mtungi na kata. Unasalimia, unakaribishwa, unakunywa, unaulizwa unatoka wapi na ukoo gani, na ukitaja ukoo pengine unakatazwa kuondoka. Hatukubeba spana kubwa kwa sababu chini ya kila mwembe wenye kivuli cha maana yuko fundi na sanduku lake la mbao. Kitenge cha kujifunika kilitosha kwa sababu palikuwa na madarasa, misikiti, makanisa na maghala ya ushirika, na mlinzi wa ghala alifurahi kupata watu wa kuzungumza nao. Barua ya balozi ilifungua baadhi ya milango hiyo, lakini milango mingi haikuomba barua.

Mpwa wangu amefungasha kila kitu, kwa hiyo hamhitaji mtu yeyote kuanzia Kibamba hadi Ihumwa. Vituo vya maji vimepangwa. Hoteli zimelipiwa. Atawapungia watu mkono, na watu watampungia.

Hata hivyo, kila nikifika hapo kwenye majuto yangu namkuta yule kuku. Bibi wa Chalinze alikuwa na kuku wa kuhesabika, na ile ilikuwa miaka ya njaa ya kila kitu. Mtetea mmoja alikuwa ada ya shule, alikuwa dawa, alikuwa kitoweo cha mgeni mwingine atakayekuja bila taarifa. Vijana wenye miguu ya njaa walilala kitandani kwake, yeye akalala jikoni kwenye mkeka, na asubuhi waliondoka na sukari ya wazee wa Morogoro bila kumwachia kijiko, kwa sababu sukari imeandikwa kwenye daftari. Ukarimu wa njiani tunaousimulia kwa fahari ulikuwa na mtu aliyeulipia. Msafara wa mpwa wangu hauli kuku wa mtu. Unalipa risiti.

Halafu kuna dada yangu, mama wa huyu binti, ambaye kumbukumbu zetu sisi wanaume humpitia haraka sana. Mfuko wa kaki wa kwenye usukani, yeye aliushona. Mihogo aliichemsha yeye, mayai aliyahesabu yeye, kashata alizikata yeye kwenye meza iliyopakwa mafuta ya nazi. Kaunta buku lile lilikuwa na mwandiko wake. Mwenye mwandiko mzuri niliyemtaja ni yeye. Na baiskeli alijua kuendesha kuliko baadhi yetu, kwa sababu maji ya nyumbani yeye ndiye aliyeyafuata, pindo la kanga limebanwa kati ya paja na siti, madumu matatu nyuma, kwenye mchanga. Lakini usiku wa kuamkia safari hakuna aliyemuuliza kama angependa kwenda. Msichana kupita Barabara ya Morogoro juu ya baiskeli na kundi la wavulana, alale wapi? Swali lilijibiwa kabla ya kuulizwa. Asubuhi alitufungulia geti la miti, akatupa chupa ya chai ya rangi, akarudi kufagia uwanja.

Sasa alikuwa amekaa sebuleni kwake, miguu inamuuma, anamkagua binti yake. Alitaka kujua bukta ile ina urefu gani. Akaonyeshwa. Akanyamaza kidogo, akasema sawa, lakini vijijini uvae kitu juu. Akauliza wasichana wako wangapi kwenye msafara. Akaambiwa karibu nusu. Akataka kujua nani anaziba pancha.

"Haizibwi, mama. Unatoa tyubu, unaweka mpya. Nimejifunza kwenye video, dakika tano."

"Na ile ya zamani?"

"Inatupwa."

Dada yangu alinyoosha mkono, akaomba tyubu zote zinazotupwa ziletwe nyumbani. Mpwa wangu alicheka akadhani ni utani. Haukuwa utani, kuna mlango wa banda la kuku unaotaka kufungwa na kitu kinachovutika.

Kibali cha msafara nilikiona pia, maana niliomba kukiona. Kiko ndani ya simu. Kimetoka polisi, kina nembo, kina msimbo wa mraba wa kupigwa picha, kinataja magari na namba zake, gari la wagonjwa, saa ya kuondoka na saa ya kufika kila kituo. Kimeandikwa vizuri na hakina hata kosa moja la herufi. Hakuna aliyelazimika kusoma orodha ya viberiti barazani kwa mtu ili kukipata. Niliangalia ratiba ya Morogoro: kuwasili, chakula cha mchana, mapumziko, kuondoka. Nikauliza kama wanaweza kuchepuka Fungafunga mara moja. Mpwa wangu, ambaye ni binti mwema, aliandika hapo hapo kwenye kundi lao. Majibu yakaja haraka: vidole gumba vinne, na mmoja akaandika kwamba wazo limepokewa na litazingatiwa safari ijayo.

Dada yangu hakusubiri safari ijayo. Asubuhi iliyofuata, msafara ulipokwisha kuondoka kwa vimulimuli na kupigwa picha, alinituma dukani kununua sukari, tena mfuko mzima, bila foleni, bila kadi, bila kibali, muuzaji akiwa anaangalia mpira kwenye simu yake wala hakunitazama usoni. Akaongeza katoni ya sabuni na doti za kanga mpya. Tukakodi bajaji hadi Mbezi Luis, kupitia Goba, njia ambayo sisi tuliisukuma baiskeli kwenye vumbi hadi kifundo cha mguu na ambayo sasa ni lami tupu na maduka ya vigae. Kwenye kituo kipya cha mabasi, kile kilichopewa jina la Magufuli na kufunguliwa mwaka 2021, mizigo ina dirisha lake na karani wake. Karani aliuliza ndani kuna nini. Dada akaanza kumtajia: sukari, sabuni, kanga. Karani akaandika "vifaa mbalimbali", akataja bei, na dada akabishana naye mpaka foleni ya nyuma ikaanza kuguna.

Basi lilifika Morogoro wakati waendesha baiskeli wetu bado wako Chalinze wanakunywa juisi.

Siku mbili baadaye mpwa wangu alipiga simu kutoka Gairo. Miiba ya kando ya barabara ilikuwa imekula tyubu zake zote mbili mpya, gari lenye akiba limetangulia, na mtandao kule mbele haushiki. Nikamuuliza sasa inakuwaje. Akasema amekaa chini ya mti, kuna baba mmoja ana beseni la maji, ametia msumari, amekwaruza, anapaka kitu chenye harufu kali, na amempa kigoda na maji ya kunywa, na anataka kujua ukoo wake. Nikamwambia amtajie. Nikasikia wanacheka, kisha akarudi hewani akanong'ona kwamba fundi kamtoza mara mbili ya bei ya pale, maana mteja aliyetangulia kalipa nusu kwa kiraka hicho hicho.

Nikamwambia alipe. Kwa baiskeli ile, hata mimi ningemtoza mara mbili.